Umri wa Bibi Evodia

Asubuhi hiyo Mzee Amosi alimshika mkono mkewe, Evodia, akampeleka uani kunawa uso. Huu ulikuwa mwezi wa nne akifanya hivyo. Macho ya Evodia yalikuwa yameingiwa na ukungu kidogo kidogo kwa miaka. Mlango aliujua kwa kupapasa, na watu aliwajua kwa sauti.

Faith, mhudumu wa afya wa kijiji chao karibu na Shelui, akaingia uani.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu."

Faith alimtazama Evodia machoni. "Bibi, hii inaonekana ni mtoto wa jicho. Hospitali wanafanya upasuaji. Unaweza kuona tena."

"Tuliomba kadi ya matibabu ya wazee," Amosi alisema. "Mama Yohana huyu akakataliwa. Kwenye orodha ya kijiji ameandikwa miaka hamsini na sita."

"Walikadiria tu," Evodia alisema polepole. "Cheti sina. Sijui nilizaliwa lini."

Amosi alijua jinsi jambo hilo lilivyomtia mkewe aibu. Akamsogelea.

Faith akavuta kigoda, akakaa. "Bibi, hospitali ya misheni ilipojengwa, ulikuwa mkubwa kiasi gani?"

Evodia akatabasamu. "Mdogo. Nilibeba maji ya mafundi, mimi na rafiki yangu Elina. Meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka, mafundi wakanitania kila siku. Kabla ya hospitali ile, mgonjwa alibebwa kwa machela kutwa nzima. Mama yangu alimzaa mdogo wangu njiani."

"Jiwe la msingi limeandikwa 1958," Faith alisema. "Mtoto hung'oka meno ya mbele akiwa na miaka sita au saba. Basi bibi, umepita sabini."

Amosi alicheka. "Kumbe nimeoa mtu mzima."

"Mzee wa miaka sitini na zaidi asiye na uwezo hutibiwa bila malipo," Faith aliendelea. "Umri ukikosewa, msikae kimya. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji na shahidi anayemfahamu bibi tangu utoto."

Kesho yake walikwenda na Elina. Mtendaji, Bwana Sostenes, aliwasikiliza, akaandika maelezo yao. Kikao cha kijiji kikathibitisha, ofisa ustawi wa jamii akasahihisha orodha. Baada ya wiki kadhaa Evodia alipata kadi. Hospitalini walipitia dirisha la wazee, na hawakudaiwa kitu.

Siku ya pili baada ya upasuaji, muuguzi alimfungua bandeji. Evodia alifumba jicho, akafumbua. Akaangalia dirisha, kisha shuka. Halafu akamgeukia mumewe, akamtazama kwa muda mrefu.

"Baba Yohana, una mvi mpaka kwenye nyusi."

"Ninazo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri uzione mwenyewe," Amosi alijibu.

Evodia akanyoosha kidole, akazigusa taratibu, moja moja.