Kiti cha Mwanachama

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha Embu usiku kucha, na kufikia saa tatu asubuhi duka la mbegu alilosimamia Mukami lilikuwa limejaa wakulima hadi barabarani. Kila mmoja alitaka mahindi yake siku hiyo hiyo. Katikati ya makoti mazito na gambuti zenye matope akaingia mwanamume wa suti ya kijivu na viatu vyeusi vya ncha, akawapita watu wote bila kuwatazama, akaweka mkoba wake juu ya kaunta.

"Samahani, madam. Natoka kampuni ya pampu za sola. Sitakuchelewesha."

"Foleni inaanzia nyuma ya yule shosho mzee wa kofia nyekundu," Mukami akamjibu, bado anapima dawa ya viwavi.

"Mimi kwa kawaida sipangi foleni."

"Hata ukienda kupokea mkate kanisani?"

Duka zima likacheka. Jamaa akarudi nyuma, akasimama kwenye matope na viatu vyake vya bei. Zamu yake ilipofika, alikuwa amemtazama Mukami muda mrefu kiasi kwamba maneno ya pampu yalikuwa yamemtoka kichwani. Mukami alikuwa na mwanya, gauni la manjano chini ya dastikoti ya kijani ya duka, na macho ya mtu asiyedanganyika kwa urahisi. Mwanamume akaomba namba ya simu. Jina lake lilikuwa Mutegi, wa Nkubu, kule upande wa Meru.

Mukami alimpa namba, na tangu siku hiyo simu ikawa haitulii. Kampuni ilimrusha Mutegi kila kona ya nchi kuuza pampu, naye alipenda kupiga akiwa uwanja wa ndege. Alikuwa na kadi ya dhahabu ya shirika la ndege, na kadi hiyo ilimfungulia launji, kile chumba cha wasafiri wanachama chenye viti vya ngozi na chakula cha bure. Mukami alisikia vijiko vikigonga vikombe nyuma ya sauti yake.

"Unakula nini?"

"Soseji."

"Tena?"

"Ni za bure, mpenzi."

"Sasa ukinioa nitakupikia nini?"

"Mukimo. Hapa hawasongi viazi na mahindi."

Mara moja alimchukua wakaenda wote Kisumu, akamwingiza humo kama mgeni wake, maana wakati huo mwanachama aliruhusiwa mgeni mmoja. Msichana wa mapokezi alisema, "Karibu tena, Bwana Mutegi," na Mukami akaona mgongo wa mpenzi wake ukinyooka. Walikaa karibu na dirisha, yeye na kitenge chake cha bluu, wakitazama ndege zikipakiwa mizigo.

"Hapa ndani," Mutegi akamwambia kwa sauti ya chini, "hakuna anayejua kwamba mama aliuza ndizi barabarani ili nisome."

Mukami alimshika mkono. Alimpenda sana saa ile, kwa sababu alidhani ameonyeshwa kidonda, na mwanamke akionyeshwa kidonda hujiona ameaminiwa. Hakujiuliza mama wa ndizi mwenyewe angeyasikiaje maneno hayo.

Kisha shirika la ndege likabadilisha sheria. Zamani mtu aliweza kuilinda kadi kwa kununua vitu madukani na kukusanya pointi. Sasa wakasema kadi italindwa kwa kuruka tu, na asiyefikisha idadi ya safari kabla ya mwaka kwisha ataondolewa. Mwaka huo huo kampuni ya pampu ikagundua kwamba mikutano inaweza kufanywa kwa kompyuta, ikampunguzia Mutegi safari. Mtu mwenye akili timamu angeiacha kadi ife. Mutegi hakumwambia mtu, na kuanzia Agosti simu yake ikawa inazimwa kila Jumamosi.

Alimwambia Mukami kwamba huwa kwa mama yake Nkubu, na kule shambani mtandao ni mbovu. Mukami alikubali mara kadhaa. Jumamosi moja akafunga duka mapema, akavaa vizuri, akaenda Nkubu na mkate na sukari. Mama Mutegi, mjane aitwaye Karwirwa, alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha sebuleni, akamchemshia nduma. Akamuuliza, bila ubaya wowote, kama Mutegi yu mzima, kwa maana hajamwona tangu Pasaka.

Jumatatu walikutana mkahawani Embu. Mutegi akaanza na uongo wake kabla hata chai haijaletwa.

"Jumamosi nilikuwa kwa mum."

"Mimi ndiye nilikuwa kwa mum."

Mutegi akatazama meza. Mukami akamuuliza ni nani huyo mwanamke na anakaa wapi. Akaapa kwamba hakuna mwanamke, kwa jina la Mungu na kwa kaburi la babake. Alipoulizwa basi huenda wapi, alisema ampe mpaka mwisho wa mwaka, ataeleza. Mukami aliondoka akaacha chai yake ikipoa, akalia mpaka macho yakavimba, na kwa majuma kadhaa hakupokea simu yake. Alimwona yule mwanamke wa kubuni kila alipolala. Alimpa hata sura na mtindo wa nywele, akamchukia kwa bidii.

Kilichomrudisha ni siku Mutegi alipokuja dukani, akasimama nyuma ya wakulima, akasogea nao polepole bila neno mpaka akafika kaunta.

"Nataka kukuoa," alisema. "Chagua siku."

Wateja walikuwa wanasikiliza. Mukami alifunga mbegu za mtu, akarudisha chenji, kisha akasema Desemba. Aliamini kiapo chake, na kwa kweli kiapo kilikuwa cha haki.

Ruracio, sherehe ya mahari, ikapangwa kwao Mukami, Kianjokoma, Jumamosi moja ya Desemba. Siku kama hiyo ina utaratibu wake. Upande wa bwana husimama nje ya lango mpaka bwana mwenyewe awepo, kisha huingizwa kwa nyimbo. Wakishaketi, binti huulizwa mbele ya wote kama kinywaji walicholeta kinywewe. Kwa hawa watu wa kanisa huwa ni uji, lakini swali ni lile lile. Kabla binti hajakubali, hakuna mgeni anayeonja kitu, na akikataa wanarudi kwao na njaa yao. Akina mama waliokuwa wakisonga mukimo tangu alfajiri hawakuwahi kuona binti akikataa.

Watu wa Nkubu walifika asubuhi kwa basi la kukodi, na mbuzi nyuma. Mutegi hakuwemo. Alipiga simu kusema gari limemharibikia njiani na anakuja. Wanawake wakaimba langoni mpaka nyimbo zikaisha, jua likapanda, likaanza kushuka. Mama Karwirwa, katika gauni jipya la zambarau, aliketi juu ya jiwe kando ya lango akiwa na leso ya kumpa mama mkwe mwenzake. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake. Mukami alimwona kupitia dirishani.

Alasiri teksi ikaingia kwa vumbi. Mutegi akashuka na suti iliyokunjamana, na badala ya kuwa na aibu alikuwa na furaha. Lango lilipofunguliwa na watu wakaanza kutafutiwa nafasi, Mukami alimvuta nyuma ya ghala.

"Gari iliharibikia wapi?"

"Hakuna gari. Mpenzi, sasa naweza kukuambia. Nilikuapia hakuna mwanamke, si ndio? Ona." Akamwonyesha ujumbe kwenye simu. "Kadi imebaki. Jana ilikuwa safari ya mwisho, halafu mvua Kisumu ikachelewesha ndege ya kurudi mpaka leo. Lakini imehesabiwa."

Mukami hakuelewa, ikabidi aelezwe kama mtoto. Kila Jumamosi Mutegi alikuwa akipanda ndege kwenda Kisumu.

"Kufanya nini?"

"Kurudi."

"Kurudi tu?"

"Ili wasinitoe launji. Ningekosa hii ya jana, Januari wangenizuia mlangoni. Mimi, mbele ya yule msichana."

Alisema hayo akitabasamu, akingoja akumbatiwe, kwa sababu alikuwa ameleta habari njema kwamba hakuwahi kuwa na mwingine. Mukami alimtafuta yule mwanamke wa sura na nywele, akaona kweli hayupo, akatamani angekuwepo.

"Na mimi nikisafiri na wewe, nitaingia?"

"Hiyo nayo wamebadilisha. Mgeni haruhusiwi tena." Akamshika bega kwa upole. "Lakini nitakuletea kitu pale nje."

"Mama yako amekaa kwa jiwe tangu asubuhi. Hajakula."

"Mum amezoea," Mutegi alisema.

Wakaitwa. Chini ya hema watu walikuwa wameketi pande mbili, Embu huku, Meru kule. Hezekiah, ami yake Mukami na msemaji wa nyumba, akainua kibuyu cha uji akamsimamisha binti katikati.

"Mukami, hawa watu wa Nkubu wametembea mbali. Wameleta uji. Tukunywe?"

"Msikunywe."

Hezekiah alidhani hakusikia vizuri, akauliza tena, na jibu likawa lile lile. Salesio, ami yake Mutegi, akasimama na kofia mkononi.

"Kama kijana wetu ana mwanamke mahali, useme, mama. Sisi ni watu wazima. Tutatoa mbuzi ya kuosha hiyo aibu, na tutaendelea."

"Hana mwanamke," Mukami alisema.

Hapo angeweza kunyamaza. Kukataa kulitosha, na hakuna sheria inayomdai binti sababu. Lakini alikuwa na hasira, na alitaka Mutegi aumie mahali ambapo angesikia.

"Amekuwa akipanda ndege kwenda Kisumu na kurudi, kila Jumamosi, ili asinyang'anywe kiti. Kuna chumba uwanja wa ndege wanampea soseji. Ndiko alikuwa, nyinyi mkisimama kwa jua."

Alianza kucheka mwanamke mmoja jikoni. Kisha wazee wa Embu wakacheka, kisha vijana, na mwishowe hata Salesio akaficha uso kwenye kofia yake, mabega yakimtikisika. Mutegi alisimama katikati ya kicheko hicho akiwa ameshika simu yake. Uso wake ukawa uso wa mtoto wa muuza ndizi, na Mukami akauona, akajuta, na bado akafurahi.

Mama Karwirwa peke yake hakucheka. Aliuliza jirani yake kwa Kimeru ni kiti gani hicho.

Basi wakaondoka. Harufu ya nyama iliwafuata mpaka langoni, na hakuna aliyeruhusiwa kuonja hata maji. Mbuzi wakarudishwa garini. Mukami alisimama kando ya njia, akijua kwamba njaa ya yule mama sasa ni kazi ya mikono yake mwenyewe. Karwirwa alipomfikia alisimama.

"Kwangu kuna viti, mwanangu," alisema. "Si ulikalia kimoja?"

Mama akapanda basi akisaidiwa, na leso yake bado kwapani.

Jua lilikuwa linazama simu ilipolia. Nyuma ya sauti ya Mutegi basi lilisikika likipanda mlima, na watu wakizungumza.

"Ungewaambia nina mwanamke," Mutegi alisema.

"Uongo?"

"Wangenikasirikia tu. Wangenitoza mbuzi, na kesho ungekuwa wangu. Sasa wananicheka humu ndani, Mukami. Dereva ananicheka. Watanicheka Nkubu mpaka nizikwe."

"Ningesema una mwanamke, ningelazimika kukusamehe."

Mtu fulani garini alisema neno soseji, na wengine wakaangua kicheko.

"Bado unanipenda?"

"Ndiyo," Mukami alisema, kwa sababu ilikuwa kweli. Kisha akakata simu, akaenda jikoni kuwasaidia akina mama kuwagawia majirani chakula.