Matawi ya Kona ya Mukuyuni

Kavata alikuwa amelala katikati ya barabara ya murram, ya udongo mwekundu, chini kidogo ya kona ya Mukuyuni, kiatu chake kimoja kikiwa mtaroni. Sajenti Ndunge alipofika saa kumi na mbili na nusu jioni, watu waliokuwa wakipiga filamu pale walikuwa wameshaufunika mwili wake kwa leso. Kila aliyemuuliza alimwonyesha dereva, Mbaluka, aliyekuwa ameketi chini kando ya pikapu.

Mpango wao ulikuwa rahisi. Barabara ilifungwa tangu mchana. Pikapu ingepita pale konani mara mbili: mara moja polepole, isimame mbele ya Kavata, mwigizaji mkuu, na mara moja mbio, barabara ikiwa tupu, kwa zamu ambayo mwongozaji angeichagua. Redio za mkononi hazikushika huko juu, kwa hivyo wakakubaliana kutumia ishara ambayo dereva yeyote wa huku anaijua hata usingizini. Ukikuta matawi barabarani, punguza mwendo, kuna mtu mbele. Usipoyakuta, pita.

Nzomo, mlinzi wa usalama, aliapa kwamba aliyakata matawi ya mwarobaini, akayapanga barabarani, kisha akaenda kuzuia mifugo isiingie. Kitonga, mwongozaji wa filamu, akampinga papo hapo. Kitonga alizaliwa Kalamba, akaenda Nairobi, akarudi na miwani ya jua na sauti ya kuamuru watu. Alisema Nzomo alikuwa kibandani akinywa chai, na kwamba yeye mwenyewe hakuona tawi hata moja siku nzima. Mama wa kibanda alikiri kwamba Nzomo alikunywa chai kwake. Basi Nzomo naye akaingia kwenye orodha ya washukiwa.

Lakini aliyemkosesha Ndunge amani ni Mbaluka, ambaye sasa alikuwa seli. Mkuu wa kituo alitaka afikishwe mahakamani kesho yake, na Mbaluka mwenyewe hakuwa akijitetea. Chakula alikikataa.

"Pengine matawi yalikuwa hapo na sikuyaona," alisema. "Andika ni mimi, Afande. Nitakubali kesho."

Ndunge alirudi nyumbani. Mtu akikubali kosa mbele ya hakimu, nani atahangaika kutafuta zaidi?

Kulipopambazuka alikuwa konani. Aliyapata matawi nyuma ya kichaka, yamelazwa vizuri, hakuna lililovunjika. Majani yalikuwa mekundu kwa vumbi upande wa juu. Upande wa chini yalikuwa kijani safi. Akabeba tawi moja, akaenda moja kwa moja hadi gesti walikolala watu wa filamu. Aliwaita ukumbini Kitonga, Nzomo na Rahab, msaidizi wa Kitonga, binti mpole.

Alimwomba Kitonga arudie maelezo yake. Kitonga akarudia: hakukuwa na matawi. Ndunge akaliweka tawi mezani. Kitonga akageuza kauli haraka, akasema basi huenda gari liliyarusha kando.

"Gari lingeyaponda," Ndunge akasema. "Haya ni mazima. Na vumbi limeyaangukia juu tu. Barabara ilifungwa, gari lililopita ni moja. Lilipopita, haya yalikuwa tayari kichakani. Nzomo aliyaweka, akaenda kunywa chai yake. Mwingine akayatoa."

Rahab akaanza kulia. "Madam, ni mimi niliyatoa. Kitonga aliniambia niyatoe, na nisimwambie Kavata."

Kitonga alivua miwani. Alieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayelalamikia hali ya hewa. Kwenye mazoezi gari lilikuja polepole, na woga wa Kavata ukaonekana wa kuigiza. Jua lilikuwa linazama. Alitaka uso wa mtu anayeogopa kweli. Bila matawi, Mbaluka angedhani barabara ni tupu, aje mbio.

"Nilijua ataruka kando," akasema. "Gari likija, mtu yeyote anaruka."

"Kavata aliambiwa gari litasimama," Ndunge akajibu. "Angeruka kwa nini?"

Kitonga alitiwa pingu pale pale ukumbini, na Rahab akaandikisha taarifa kituoni.

Ndunge mwenyewe ndiye aliyefungua seli. Alimweleza Mbaluka yote, polepole, akitumaini kuona uso wake ukipata nafuu. Mbaluka alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo Kitonga," akauliza, "ameenda kwa mama ya Kavata?"

"Hapana. Wala hakuna mwingine wa kampuni aliyeenda. Walimpigia simu."

Mbaluka aliokota viatu vyake, akavivaa bila kufunga kamba. Ndunge alimwonya kwamba watu wa nyumba ya Kavata wana hasira, na kwamba sheria haimdai tena chochote.

"Najua," akasema. "Lakini mimi ndiye nilikuwa kwa usukani. Nipeleke kwa mama yake, Afande."

Ndunge akachukua funguo za gari.