Chemchemi Iliyonyolewa

Kwetu Mpuguso, mzee hatazamani na mke wa mwanawe, wala hawasemezani. Ndiyo heshima yetu. Atuganile, mke wa mwanangu Asajile, akiniona njiani huchepuka migombani. Mimi nageuka pembeni.

Tangu mke wangu afariki, Atuganile ndiye huchota maji yetu bondeni. Miaka ile ushirika ulikuwa umekufa na kila mtu alijitafutia. Wakubwa wa kijiji kazi yao ikabaki kutangaza tu. Wakatangaza: chemchemi zote zisafishwe! Hakuna hata mmoja aliyeshuka bondeni kutazama.

Atuganile ni msafi. Alifyeka maua ya porini, majani, hata miche ya mkuyu. Akafagia pale kama uwanja wa nyumba. Nikitokea, hana pa kujificha. Anaacha ndoo, anakimbia.

Halafu mvua zikaanza kuchelewa. Kiangazi kikawa kikali. Chemchemi ikatoa maji ya kikombe tu. Ng'ombe akalia zizini kwa kiu.

Bimdogo, muuza asali wa Kyimo, akapita.

"Mzee Ambindwile, nani kainyoa chemchemi kipara?"

"Waulize wakubwa."

"Wakubwa wanachota hapa? Nyuki wangu walikula maua haya. Sikiliza. Majani yaliyooza hushika mvua, huiachia ardhini polepole. Mizizi huipa njia ya kuzama. Ukifagia, maji yote yanakimbilia mtoni. Na jua linakausha udongo."

"Mwambie mkwe wangu. Yuko migombani pale."

"Si umwambie mwenyewe? Hatua chache tu!"

"Haiwezekani."

Akacheka, akaenda, akarudi. "Anauliza, uchafu je?"

"Mjibu wewe. Mimi sijui."

Bimdogo akapaza sauti kuelekea migombani: "Mwanangu, penye jicho la maji toa majani kwa mkono! Pembeni acha yaote! Ng'ombe anyweshwe mbali! Na miti ya milingoti, ile mikaratusi, msipande hapa, inakunywa maji mno!"

Asajile akakata vigingi vya mkuyu, akazungushia uzio. Vigingi vikachipua. Maua yakarudi yenyewe, na nyuki nyuma yake.

Mvua zilichelewa tena mwaka wa pili. Wakubwa wakatangaza jambo jingine, sikumbuki lipi. Asubuhi moja nikashuka bondeni. Sikuona mtu akikimbia. Majani yalikuwa mengi, yamefunga pande zote.

Nikageuka pembeni, kwa heshima. Nyuma ya majani nikasikia ndoo inajaa.