Mgeni wa Pilau ya Idi

Amida alisikia nyayo zikipita mlangoni, naye, kama alivyolelewa kwao Tanga, akaita bila kuinua macho kwenye sinia, "Karibu, tunakula!"

Sele, mumewe, akacheka. "Unamkaribisha nani? Ghorofa ya mwisho hii, na mlango wetu ndio wa mwisho. Hakuna wa kupita hapa."

Ilikuwa Idi yao ya kwanza Ruiru, tangu Sele apate kazi katika kiwanda cha juisi huko Thika. Amida alikuwa ameamka alfajiri kupika pilau ya nyumbani, na aliona haya kuila wawili tu, kama watu waliokosana na ndugu zao. Nyayo zilikuwa zimesimama. Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ikaingia, ikafunika ile ya iliki. Na upande wa sinia ambao hakuna aliyekaa, pilau ilikuwa imechimbwa shimo.

Kuanzia siku hiyo Sele akawa hashibi. Alimaliza sinia zima, akalamba vidole, na tumbo bado likanguruma. Siku ya tano alianguka kazini, wakamrudisha nyumbani suruali ikimvuka. Mtu aliyependa kula namna ile, kuisha hivi! Amida alilia jikoni peke yake.

"Kwani mko na mgeni?" Waruguru, jirani yao, alimuuliza kwa sauti ya chini. "Aki mimi nasikianga watu watatu wakitafuna huko kwenu."

Ndipo Amida akakimbilia Kalimoni kwa Bi Ruqayya, mama anayesomea watu wenye majini. Mama huyo alimsikiliza, akatikisa kichwa.

"Wewe ndio ulimwita, kwa hivyo wewe ndio utamnyima. Mkule mara tatu mlango ukiwa umefungwa, bila kukaribisha mtu. Lakini akikaribishwa tena, hatoki. Atamaliza bwana yako."

Mlo wa kwanza walikula kimya, kitu kikitembea nje huku na huku. Wa pili, kilikwaruza mlango mpaka sahani zikatikisika. Wa tatu ulikuwa mchana wa siku iliyofuata, siku ambayo mama yake Amida, aliposikia mkwewe anaumwa, alikuwa njiani kutoka Tanga, na tonge la kwanza halijafika mdomoni, ile harufu ya majivu ikapenya chini ya mlango, ikawajaa puani na kooni, na nyuma yake ikaja sauti yenye uchovu wa safari ambayo Amida angeitambua hata usingizini: "Mwanangu, nifungulieni. Miguu imevimba."

"Usijibu," Amida alinong'ona.

"Ni mkwe wangu huyo, Amida. Nimwache nje na mizigo?"

"Ngoja nimpigie kwanza. Nakuomba, Sele."

Akaingia chumbani, akapiga simu. Iliita mara mbili.

"Mama! Uko wapi?"

"Namanga, mwanangu. Ndiyo kwanza tunagongewa pasi."

Amida alifungua kinywa kumwita mumewe, lakini komeo la mlango wa mbele lilikuwa limekwisha kulia, na Sele, ambaye hajawahi kumkosea adabu mama mkwe wake, alikuwa akisema kwa unyenyekevu, "Shikamoo, mama. Karibu ndani. Karibu chakula."

"Marahaba, baba."

Kwenye simu, mama yake aliisikia sauti hiyo.

"Amida," akauliza, "nani huyo anayeongea kwa sauti yangu?"