Waridi Ndani ya Swichi

"Toa hilo gari! Umepangishiwa chumba hapo?"

Dereva wa nyuma alikuwa ameshatoa kichwa dirishani, na honi za wenzake zinamwitikia. Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini, kituo cha mafuta kimefurika, na gari dogo jeupe limezimika palepale kwenye pampu. Mwenye gari, kijana wa shati jeupe lililonyooshwa pasi na viatu vya kung'aa, alikuwa akizungusha ufunguo. Taa za dashibodi zinawaka, zinakonyeza, zinazima.

Nyaya alikuja pale kununua maji baridi tu. Gerejini walimpa jina hilo kwa sababu ya kazi yake: fundi wa umeme wa magari, mwanamke peke yake katika gereji nzima. Alikuwa na ovaroli la bluu lenye madoa, kitambaa chekundu kichwani na bisibisi mfukoni. Angepita zake, lakini zile honi zilimkera.

"Sogea, kaka," alisema, akafungua mlango na kuingiza kichwa.

Lo! Harufu ya manukato ilimvamia, tamu, nzito, ya kunata kooni. Fundi huyu hushinda kwenye grisi na dizeli kutwa kucha bila kukunja hata nyusi, lakini hapo alitoa kichwa nje akatema mate.

"Kuna nini humu? Umeficha maiti?"

"Ni sampuli tu, dada fundi. Nauza manukato."

"Unauza au unaogea? Teremsha vioo vyote kabla sijakutapikia viti."

Kijana akacheka, kicheko cha mtu asiye na kinyongo, na Nyaya akajikuta amemtazama mara ya pili. Alifungua kifuniko chini ya usukani, akagusanisha nyaya mbili, gari likanguruma.

"Swichi yako ya ufunguo imekufa. Kesho uje gereji nikufungie mpya. Na hilo gari lipigwe upepo kwanza!"

Alikuja kweli, akafungiwa swichi, akaondoka na namba ya simu. Basi tena, mapenzi ni kikohozi. Simu zikaanza.

"Umekula, Nyaya wangu?"

"Nimekula vumbi. Na wewe?"

"Mimi sina njaa nikisikia sauti yako."

"Hayo ndiyo maneno unayowauzia wateja? Ptuu."

Alikuwa anatema mate huku anatabasamu. Siku moja kijana akamletea kichupa kidogo. "Waridi, karafuu, na kitu changu cha siri," alisema. "Nimekichanganya mwenyewe. Hakiko dukani wala hakitauzwa. Ni chako peke yako."

Nyaya alinusa, akapiga chafya, akakizungushia kitambaa na kukificha kwenye sanduku la vifaa. Jioni, wenzake wakishaondoka, alikuwa akikifungua na kunusa kwa mbali. Bado kilimchefua. Lakini alikuwa ameshampenda mwenye nacho, na hilo halikuwa na dawa.

"Nije nikuone leo?" kijana aliuliza kwenye simu.

"Thubutu! Mkuu hataki wageni. Gereji si sebule. Hapa haji mtu bila gari bovu."

Alisema kwa utani, akasahau. Mwenzake hakusahau.

Swichi mpya ikafa. Nyaya akafunga nyingine. Ikafa nayo. Akalitukana duka la spea, akafunga ya tatu, mara hii amenunua duka jingine. Kila alipokuja, kijana alikaa kwenye tairi kuukuu, anamtazama akifanya kazi, macho yamelegea kwa raha. Mafundi wa bodi wakaanza kuguna: "Nyaya, swichi zako zina mafua?"

Hapo hapakuwa na mzaha. Mkuu wa gereji, mzee waliyemwita Spana, alikuwa na sheria moja: kazi ya fundi ikirudi mara tatu, fundi anatoka kwenye benchi na kupewa beseni. Na beseni lenyewe, afadhali usilione. Ndani yake huoshwa vyuma vichafu vilivyofunguliwa kwenye magari, katika mafuta meusi yenye tope la barabarani, manyoya ya kuku, mende waliovimba, na siku moja mkia wa panya, mwenyewe haonekani. Nyaya alianzia maisha yake ya gereji kwenye beseni hilo. Alihangaika miaka mingi ili apewe benchi la umeme, na waliomwambia mwanamke hawezi, wote alikuwa anawakumbuka kwa sura.

Swichi ya tatu ilipokufa, Mzee Spana hakupandisha sauti.

"Mwanangu, sheria ni sheria. Benchi nampa mwingine."

Nyaya akainamia beseni. Mwenye gari alikuwa ameondoka kwa miguu kurudi dukani kwake, akipiga mluzi. Saa ya chakula cha mchana, chakula kikiwa hakipiti, Nyaya aliichukua swichi iliyokufa na kuipasua. Vidude vya shaba ndani vilikuwa vimegandiwa na utando wa mafuta na vumbi. Akaisogeza puani.

Waridi. Karafuu. Na kile kitu cha siri.

Alipiga simu.

"Laazizi..."

"Umetia nini kwenye swichi?"

Sauti ya upande wa pili ikawa ndogo: "Tone moja tu, kwenye tundu la ufunguo. Ulisema nisije bila gari bovu. Nilitaka kukuona, Nyaya."

"Unajua niko wapi sasa hivi? Nachokora mende kwenye mafuta machafu, watu wazima wananicheka. Na bado hili beseni halinitii kinyaa kama wewe. Usinipigie tena!"

Akakata. Akafungua sanduku, akakimimina kichupa chote kwenye beseni. Mvuke wa waridi ukachanganyika na uvundo wa mafuta, na safari hii alitapika kweli.

Kumwambia mkuu? Angesemaje? Kwamba mpenzi wake ndiye anayemwangusha? Wangecheka mpaka wakae chini. Alinyamaza, akaosha vyuma, kesho yake akaosha tena, kila simu ya kijana ikiita anaizima kwa kidole cheusi.

Hatimaye, asubuhi moja gereji imejaa wateja, kijana aliingia kwa miguu. Shati jeupe lilelile, viatu vimeingia tope. Hakumtazama Nyaya. Alisimama mbele ya Mzee Spana.

"Mzee, fundi wako hana kosa. Swichi nimeziharibu mimi, zote, kwa makusudi. Nilikuwa natafuta sababu ya kuja kumwona."

Nyundo zikanyamaza. Halafu kicheko kikalipuka gereji nzima. Mzee Spana peke yake hakucheka.

"Mficha uchi hazai, kijana. Ungesema tu unampenda, ungekatwa kichwa? Nyaya, rudi kwenye benchi lako. Na wewe, beseni ni la mwenye kosa. Kunja mikono."

Akakunja. Alipotumbukiza mikono na kuibuka na mende ameshikilia kidoleni, alikimbilia nyuma ya matairi, wote wakamsikia anavyokohoa. Kisha akarudi. Akaosha mpaka jioni, shati limekuwa rangi ya barabara. Nyaya alimpa mgongo siku nzima, akifanya kazi aliyoipenda kwenye benchi lake, akafunga na swichi mpya ya lile gari jeupe, lakini kila kikohozi kule nyuma alikisikia.

Mafundi wengine walipoondoka, alimwendea na sabuni ya unga na mchanga.

"Lete mikono."

"Wateja wangu watanikimbia," kijana alisema, akinusa viganja kwa huzuni.

"Wakimbie."

Alimsugua kidole kimoja kimoja. Katikati ya kusugua, bila kufikiri, akaunyanyua mkono wa kijana puani. Chuma, petroli, mafuta ya injini. Tumbo lake likatulia tuli.

"Leo ndiyo mara ya kwanza unanukia vizuri," alisema.

"Umenisamehe?"

"Bado. Roho yangu ingali imechafuka. Na ukitia tena kitu kwenye gari lolote, nitakufungia betri wewe mwenyewe."

"Sasa kesho nitakuja na nini? Gari limeshapona."

"Njoo na miguu yako," Nyaya alijibu, akaendelea kusugua kiganja kilichokwisha kutakata zamani.