Mtani Ndani ya Mbalamwezi

Mume na mke walikuwa wanagombana mlangoni mwa chombo, wanagombana hasa, kwa sauti za watu waliosahau kwamba kuna wenzao. Chanzo ni sanduku lililoachwa nyumbani. Mke alikuwa keshanyoosha kidole, mume keshaanza habari za mama mkwe, mara bangili zao zikawaka rangi ya chungwa. Wakanyamaza wote wawili. "Basi, mpenzi," alisema mume, "nguo tutaazima." Mke akatabasamu, wakaingia wameshikana mikono.

Yusta Kihwele, aliyekuwa nyuma yao kwenye foleni, alisema moyoni, "Hee! Hizi zingekuwepo kwenye harusi ya mdogo wangu!"

Kila abiria wa Mbalamwezi, chombo cha kwanza kuwapeleka watu wa kawaida kutazama pete za sayari ya Zohali, alivishwa bangilimoyo. Ilipima mapigo ya moyo, ikasikiliza maneno, kisha ikapeleka habari kwa Msikizi, akili mnemba aliyetunza amani ya chombo. Msikizi akihisi shari, bangili ilipenyeza ngozini dawa iitwayo tulizo. Safari yenyewe ilikuwa ya mwaka na zaidi, na huko angani hakuna mlango wa kutokea ukapunge hewa. Nani angelaumu? Yusta, mhandisi wa madaraja aliyestaafu, aliikagua yake akaona imeundwa vizuri sana. Haikuwa na kifungo cha kuivulia.

Alisafiri peke yake. Tangu mumewe afariki, watu wa nyumbani walisema naye kwa sauti ya wodini: pole mama, kaa mama, usijichoshe mama. Wanawe walimpenda, Mungu awabariki, lakini walimchosha kwa upole mpaka akatamani mtu amkosee adabu. Ndipo akaomba nafasi safarini. Na sasa ni chakula cha mchana cha siku ya kwanza, ukumbi umejaa watu wawili wawili, yeye yuko meza ya pembeni na wali wake, anajuta. Mwaka mzima hivi? 

"Hapa pana mtu?" aliuliza mwanamume wa rika lake, mwenye kipara na sauti kubwa. "Mimi Osmund Gama. Niko peke yangu kama wewe."

"Karibu. Yusta Kihwele, wa Iringa."

Osmund alibwaga sahani mezani. "Mhehe! Jamani, nimekuja mpaka huku kuwakimbia Wahehe!"

Yusta alimtazama. Gama, mtu wa Songea huyu. Mngoni, mtani wake tangu enzi za mababu waliopigana vita mpaka wakachoka, wakawaachia wajukuu kutaniana. Kitu kilimfunguka kifuani. "Kukimbia mmezoea," alimjibu. "Babu zako walikimbia mpaka leo vumbi halijatulia."

"Walikuwa wanawafukuza ninyi, wezi wa ng'ombe! Kula, mama, ushibe. Ukifia humu, mzishi wako ni mimi. Nitalikalia jeneza lako, sitoki mpaka wanipe kuku!"

Ndivyo watani wanavyofanya misibani. Mazishi ya mumewe, yaliyosimamiwa na roboti za manispaa, hayakuwa na mtani hata mmoja. Moyo wa Yusta uliruka kwa furaha, akacheka mpaka wali ukampalia.

Bangili zikawaka nyekundu. Roboti mbili ziliteleza kutoka ukutani, zikamshika Osmund makwapani. "Mhehe, umeniroga!" alipiga kelele akipelekwa, bado anacheka.

Yusta aliinuka akakabili ukuta. "Msikizi! Mnampeleka wapi?"

"Ametishia kukudhuru," ilijibu sauti ya upole. "Ametaja kifo chako na jeneza lako, na moyo wako umeruka papo hapo. Umeogopa. Atapewa tulizo kila siku mpaka mwisho wa safari."

"Nimefurahi! Huyo ni mtani wangu!"

"Furaha na hofu huurusha moyo vilevile. Mimi huzitenganisha kwa maneno."

"Basi mlete. Nitamtukana mimi, uone atakavyocheka. Akicheka, mwachie."

Msikizi alikubali. Osmund aliletwa akitembea mwenyewe, mikono ameifumbata kama mtu anayekwenda komunyo.

"Wewe Mngoni," Yusta alianza, "ukifika Zohali utauliza kwanza zizi liko wapi, uibe."

Osmund aliinamisha kichwa. "Shikamoo, mama. Nisamehe kwa yale maneno. Hayakuwa mazuri."

Shikamoo! Tangu azaliwe Yusta hajaamkiwa shikamoo na Mngoni, tena wa rika lake. Alihisi amefiwa upya. "Usiniamkie! Nitukane! Osmund, nakuomba, nitukane!" Machozi yalimtoka mbele ya ukumbi mzima, na ukumbi mzima ulimtazama kwa upole.

"Hajacheka," alisema Msikizi. "Na wewe, mama, una ghadhabu."

Bangili ilianza kupata joto mkononi mwake. Yusta alijua kinachokuja. Alimkamata Osmund mabega, akamsogezea uso, akamwambia kwamba kipara chake ni uwanja wa chawa waliohama kwa njaa. Pembe ya mdomo wa Osmund ilicheza kidogo. Akaongeza upesi tusi la pili, la ukoo mzima wa Gama na mbio zao. La tatu lilimtoka taratibu. La nne alilianza kwa kusema samahani.