Kinu Hupitwa Kulia

"Mzee Mbaruku, tumekuja kuomba jiko. Kijana wetu Mikdad amempenda binti yako Batuli."

Nyuma ya pazia Adila alishika ukuta, piko mbichi ya viganjani ikachafua chokaa. Tangu asubuhi alikuwa akijipamba kwa ajili ya washenga wale. Miaka miwili alikuwa na Mikdad, na nyumba nzima pale Fukayosi haikujua.

"Batuli?" baba yake alishangaa. "Si mdogo huyo? Dada yake je?"

"Dada mtu tumemsikia," alisema mshenga. "Kutwa yuko na suruali, anawashusha watalii mtoni kwa boti. Mama wa kijana anataka mke wa ndani."

Adila akachukua simu, akamwandikia ujumbe.

"Mikdad, washenga wako wamekosea jina."

Jibu likaja upesi: "Hawajakosea. Mama hakutaki. Usilete fujo, nyie ndugu."

Hata pole hakuandika, mwanaharamu yule.

Posa ikapokewa, Batuli akavishwa pete. Adila alimfuata uani.

"Mdogo wangu, yule alikuwa mwanaume wangu. Na hafai. Boti lilipotupindukia mtoni, alinikanyaga bega akawahi kamba peke yake."

"Ukamwacha?"

"Nilimsamehe. Alisema alipagawa."

Batuli akacheka. "Kwako alikuwa anafaa, kwangu ndiyo hafai? Wivu huo, dada. Umeachwa, achika."

Neno lile lilimchoma Adila kuliko ile posa. Akatabasamu.

"Basi nisamehe. Njoo mtoni na mchumba wako, niwashushe kwa boti. Iwe zawadi yangu ya harusi."

Mikdad hakutaka, lakini angemwambiaje mchumba kwamba anaogopa maji?

Mto ule unashuka kwa kasi kutoka milimani, juu ya Ubena. Katikati yake kuna mwamba ambao maji huuzunguka na kuchimba shimo, waongozaji wakauita Kinu. Adila alikaa nyuma ya boti la mpira, mahali pa mwenye kuliongoza. Mwenzake wa kazi, Najim, alisimama ukingoni na kamba ya kuokolea, kama kawaida yao.

"Pigeni makafi! Mbele! Mbele!"

"Raha, dada!" Batuli alipiga kelele.

Walipokikaribia Kinu, Adila akalivuta boti kushoto.

"Adila, unafanya nini?" Mikdad alifoka.

Boti likapanda mwamba, likapinduka. Najim akarusha kamba, ikamwangukia Batuli mikononi. Mikdad akamshika kichwa, akamkandamiza chini, akampokonya. Alivutwa hadi nchi kavu na hakugeuka nyuma. Adila ndiye aliyepiga mbizi, akamsaka mdogo wake kwenye povu, akamtoa kwa kumvuta mkanda wa jaketi okozi.

Batuli alitapika maji. Mikdad akapiga magoti mbele yake.

"Nilipagawa, mpenzi wangu."

Batuli akavua pete.

"Shika. Mwambie mama yako mke wa ndani kafa maji."

Adila alijisikia kushinda. Alitaka kumkumbatia mdogo wake, waanze upya. Batuli akamsukuma mkono.

"Najim, hapa watu hupitia wapi?"

Najim aliinamisha kichwa. "Kinu hupitwa kulia. Hata dada yako hajawahi kupita kushoto."

"Dada, ulijua atanizamisha?"

"Nilijua. Nilikwambia kwa mdomo ukanicheka. Nilitaka uone mwenyewe."

"Na kama usingeniwahi?"

Tangu alipopanga safari ile, Adila hakuwahi kujiuliza swali hilo.

"Yeye alikuwa anajiokoa nafsi yake," Batuli alisema huku akitetemeka kwa baridi. "Wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Batuli, mimi dada yako..."

"Najim, nipeleke nyumbani kwa baba. Na huyu asipande gari moja na mimi."

"Yupi?" Najim aliuliza.

"Wote wawili."